Ndimu iliniachia doa la miezi minane: soma kabla hujapaka kitu cha asili usoni

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji. Harusi yake ni baada ya wiki mbili, mashavu yana madoa meusi ya chunusi, na asali na ndimu ameshanunua. "Dada, hivi si ni vitu vya asili? Haviwezi kunidhuru, au vipi?" Nikausoma ujumbe ule mara tatu. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa kujiamini kabisa.

Enzi hizo uso wangu ulijaa chunusi na nilikuwa nimezichoka krimu za dukani. Nikazisusa zote siku moja. Rafiki yangu aliyekuwa akitengeneza mafuta ya uso nyumbani kwake na kuyauza aliniambia kwamba nikishika vitu vya asili tu, ngozi itajirudi yenyewe. Nikamwamini kuliko nilivyoiamini ngozi yangu. Kila asubuhi nilikuwa nakata ndimu, nasugua kipande usoni, naacha ikauke. Ilikuwa inachoma. Nilipomweleza akanijibu, "Vumilia, hiyo ni sumu inatoka." Nikavumilia, na uvumilivu wenyewe nikauonea fahari.

Siku moja nikajipaka kama kawaida, nikatoka nje kufua. Nilikaa juani kwa muda wa karibu saa mbili. Siku ile sikuona kitu. Siku ya pili yake shavu la kushoto likaanza kuwaka moto, na ya tatu nikaamka na malengelenge yaliyojipanga mstari mmoja: umeanzia chini ya jicho, umeshuka hadi kwenye taya, mwembamba juu na mnene chini. Daktari wa ngozi aliutazama tu mstari ule, wala hakuuliza natumia krimu gani. Alisema, "Ulipaka ndimu au limau?" Ulikuwa ni mchirizi wa tone la maji ya ndimu lililoteremka shavuni. Swali lile linaniuma hadi leo, kwa sababu kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na mimi hakuna aliyewahi kunionya.

Alinieleza kwamba ndimu na limau zina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikibaki ngozini kisha jua likazipiga, zinaiunguza ngozi. Si aleji, ni kuungua, na linaweza kumpata mtu yeyote. Halafu kuna ukali wenyewe: maji ya ndimu yana pH (kipimo cha tindikali; namba ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa) kati ya 2 na 3, ilhali ngozi ya uso inakaa karibu na 5, na kila ngazi moja ya pH ni tofauti ya mara 10. Kumbe muda wote ule nilikuwa najipaka tindikali nikisubiri sumu itoke.

Malengelenge yalipona mapema, lakini doa lilikaa miezi minane. Picha zote za harusi ya mdogo wangu nimegeuza shavu. Nilipomwonyesha yule rafiki, alisema nilikosea namna ya kupaka. Hajaniomba radhi mpaka leo.

Msinielewe vibaya, vya asili bado natumia. Siagi ya shea imeninusuru visigino vilivyopasuka hadi kutoa damu. Nilikuwa nakanda kila usiku baada ya kuoga, miguu ikiwa bado na unyevu, kwa sababu mafuta kazi yake ni kufungia maji yaliyopo na hayaleti maji yake. Mafuta ya nazi napaka mikononi na miguuni tu. Usoni yananiziba na vipele vinarudi ndani ya siku chache. Na vitu hivi vina faida moja kubwa isiyosemwa sana: ukitumia mafuta yenye kiungo kimoja yakakukataa, unajua mara moja ni nini kimekukataa. Krimu yenye viungo 30 haikupi nafasi hiyo.

Ila ubaya wake lazima usemwe waziwazi. Mshubiri ukikatwa hutoa utomvu wa manjano karibu na ganda, na utomvu huo unawasha. Ute wa ndani usio na rangi ndio unaotuliza. Mchanganyiko wowote wenye maji usio na kihifadhi huota bakteria na ukungu, hata kama unanukia vizuri. Niliwahi kufungua kikopo cha yule rafiki nikakuta vidoa vya kijani kwenye mfuniko, na bado nikakwangua chini yake nikapaka. Naliandika hili kwa uchungu.

Na neno "asili" linakwambia kitu kimetoka wapi, basi. Zebaki nayo ni ya asili, imo ardhini, na imekuwa ikitiwa kwenye krimu za kung'arisha ngozi ingawa inaharibu figo, hata Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ukaweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza krimu za aina hiyo, kuziingiza nchini na kuziuza nje. Kwa hiyo ndugu zangu, acheni kuuliza kama kitu ni cha asili. Ulizeni kinafanya nini kikifika kwenye ngozi. Kikichoma, nawa, acha. Ngozi haitoi sumu kwa kuungua! Mtu anayekwambia uvumilie maumivu ya kitu anachokuuzia hakutakii mema, hata awe rafiki yako wa damu. Kitu kipya jaribu kwanza upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja, ndipo upeleke usoni.

Yule msomaji nilimjibu usiku uleule. Nilimwambia, mdogo wangu, wiki mbili hazitoshi kufuta doa, kwa ndimu wala kwa krimu ya aina yoyote, na huu si wakati wa kujaribu kitu kigeni. Osha uso kwa sabuni laini uliyoizoea, paka mafuta uliyoyazoea, kinga jua kila siku, madoa mwachie mpambaji, kisha baada ya harusi umwone daktari wa ngozi. Akaniuliza, basi ile ndimu aipake shingoni tu, maana na shingo ni nyeusi?

Nikamwambia shingoni nako asipake.