Puto la Kazeh, Dishi la Mwanga na Taa za Dagaa

Mwezi uliopita niliandika hapa mstari mmoja tu, kwamba riwaya za sayansi ndizo zilizonifanya nifundishe fizikia miaka mingi bila kuichoka. Mstari huo umeniletea maswali mengi kuliko mada yoyote ya mwaka huu. Nimechukua saba. Yule aliyeniuliza namba ya mtabiri wa nyota amebisha hodi nyumba siyo.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Urambo. Mwalimu wetu anasema kuna riwaya ya zamani ya sayansi inayotaja Tabora. Wenzangu wanabisha. Nani mkweli?

Marahaba. Mwalimu wako ni mkweli, ila ukilitafuta jina la Tabora humo hutaliona. Tafuta Kazeh. Ndivyo wasafiri wa Ulaya walivyouandika mji wa wafanyabiashara uliokuwa hapa. Riwaya ni ya Mfaransa Jules Verne, ilitoka mwaka 1863, na jina lake tukiliweka kwa Kiswahili ni Majuma Matano Ndani ya Puto. Daktari Fergusson na wenzake wawili wanapaa kutoka Zanzibar, wanalikata bara zima na kwenda kuishia mto Senegal. Verne mwenyewe hakuwahi kukanyaga huku. Alisoma habari za Burton na Speke, wasafiri Waingereza waliofika Kazeh Novemba 1857 wakiwa njiani kwenda Ujiji.

Kwa kuwa hapa ni Unyamwezi, Verne alilichezea jina. Watu wako sokoni, puto linatokea juu yao, wanaamini mwezi umeshuka na hao watatu ni wanawe. Sultani yu mahututi kwa ulevi, daktari anaitwa amtibu. Mambo yanakwenda vizuri mpaka jioni, pale mwezi wenyewe unapochomoza, mwekundu. Miezi miwili! Wageni wanakumbuka ghafla kwamba wana safari.

Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Mara ya pili nilikasirika. Watu wa Kazeh ya kitabuni hawana akili hata ya kupimiana karanga, ilhali mji halisi ulikuwa njia panda ya misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na Wanyamwezi ndio waliosifika kwa kuibeba na kuiongoza. Watu wa namna hiyo wasingebabaishwa na mfuko wa hariri. Soma, lakini usimwachie mwandishi kila kitu.

Sayansi yake lakini ni tamu. Puto la kawaida lilipanda kwa kumwaga mchanga na kushuka kwa kuachia gesi, kwa hiyo safari ilikuwa fupi. Fergusson hamwagi wala haachii. Anaipasha moto haidrojeni, inatanuka, puto linapanda. Akiiacha ipoe, linashuka. Hivyo anapanda na kushuka mpaka apate upepo unaokwenda anakotaka. Ni wazo zuri mno, ila kuwasha moto chini ya mfuko wa haidrojeni ni kualika msiba. Mwanafunzi angeniletea mpango huo maabara ningemtoa nje kwanza, maksi ningempa baadaye.

Mimi ni fundi dishi, Mwanga, Kigoma. Mke wangu anasema vitabu vya kubuni ni uongo wa kulipia. Kuna kitu humo kiliwahi kuwa kweli?

Fundi, mwambie shemeji unga wa nyumba hiyo unatokana na wazo la mwandishi wa riwaya za sayansi. Mwaka 1945 Arthur C. Clarke aliandika makala (si riwaya, tuwe wakweli) akieleza kwamba chombo kikiwekwa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kitazunguka mara moja kwa siku, sawasawa na dunia inavyojizungusha. Ukikitazama kutoka chini, kimesimama. Ndiyo maana unalikaza dishi kwa spana, unashuka kwenye bati na kwenda zako. Setilaiti ya kwanza ya aina hiyo kutulia mahali pake ilikuwa ya mwaka 1964.

Alipokosea panakuhusu. Clarke alidhani vituo hivyo vitahitaji watu wa kuishi humohumo. Vifaa vidogo vya elektroniki vikaja vikawanyima kazi. La sivyo leo ungekuwa unapanda huko na spana yako, na shemeji angekuona mara moja kwa mwaka.

Mwalimu, kwa Kiswahili kuna nini? Au tukubali tu kwamba hizi ni mali za Wazungu? (Mkutubi, Kasulu)

Nikiambiwa niorodheshe riwaya za Kiswahili zenye roketi na mitambo inayoeleza jinsi inavyofanya kazi, sitamaliza vidole vya mkono mmoja. Lakini mlango uko wazi siku nyingi.

Rudi kwa Shaaban Robert. Kusadikika, ya mwaka 1951, ni nchi inayoelea angani. Wajumbe wanatumwa pande sita, zikiwamo mbinguni na ardhini, na kila anayerudi na jambo la maana anatupwa gerezani. Tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, tukajaza daftari kwa dhamira na ujumbe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua mkono kuuliza: nchi hii inaelea kwa nguvu gani? Mvua yao inatoka wapi kama mawingu yako chini yao? Mwandishi hakuhitaji kujibu, kwa sababu shabaha yake ilikuwa sheria na haki. Kwangu mimi hapo ndipo mpaka ulipo. Anayeuliza "inaelea kwa nguvu gani?" na kuitafutia jibu ameshaingia kwenye riwaya ya sayansi.

Aliyesogea karibu zaidi ni Mkenya Katama Mkangi, kwa Walenisi ya mwaka 1995. Mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa ndani ya chombo ili afie huko, badala yake anafika nchi nyingine yenye utaratibu wa haki. Litamke jina polepole: wale-ni-sisi. Sehemu za katikati zina mahubiri marefu kuliko ninavyopenda, ila ule mwanzo wa mtu kufungiwa ndani ya chombo unashika koo.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi wengine huziweka kwenye kapu hili, kwa sababu ya dunia iliyoharibika na watu waliobaki. Mimi siziweki. Ni ndoto za mwanafalsafa, zisome ukiwa umeshiba na huna haraka. Mkutubi mwenzangu, ukizipata hizo nne, zipange rafu moja na uzibandikie karatasi: "Ingekuwaje?"

Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Nianze na ipi? (Dereva wa bodaboda, Ipuli)

Binti, ya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Ilitoka 2015, haifiki kurasa mia, na jina lake halikuhitaji mkalimani. Msichana wa kabila la Wahimba wa Namibia, mkali wa hesabu, anatoroka kwao alfajiri kwenda chuo kikuu kilichoko sayari nyingine. Chombo wanachosafiria ni kiumbe hai, mfano wa kamba wa baharini, na abiria wanakaa ndani ya mwili wake. Anasafiri na udongo mwekundu wa kujipaka, ule wa mama zake, na udongo huo unakuja kufanya kazi ambayo sikusemei. Hesabu yake sitaki kuikagua. Nilichokaa nacho ni yule mtoto anayeogopa simu ya mama kuliko nyota. Isome kijiweni ukisubiri abiria.

Ile ya Wachina ya jua tatu inasifiwa sana. Nikope hela niinunue?

Usikope, azima. Katika The Three-Body Problem, Liu Cixin anaanza na miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni huko China, na kurasa hizo ndizo bora kuliko zote. Baadaye wahusika wanageuka mbao za kubebea mawazo. Mawazo yenyewe ni makubwa kweli: sayari yenye jua tatu haiwezi kujua kesho itaungua au itaganda. Nilikwama mara mbili, ya tatu nikamaliza.

Mwanangu anasoma habari za mtu aliyelima viazi sayari ya Mirihi. Mimi ni mkulima wa Sikonge, nimecheka. Inawezekana? (Mama wa watoto wanne)

Mama, umecheka mahali pake, lakini usimnyang'anye kitabu. Hiyo ni The Martian ya Andy Weir, na ina historia kama ya hadithi zetu za kwenye simu zinazoishia "itaendelea". Aliitoa sura kwa sura kwenye tovuti yake, bure, na wasomaji wenye ujuzi wakawa wanamsahihisha makosa ya sayansi. Mbolea ya huyo mkulima ni kinyesi cha binadamu, maji anayapata kwa kuchezea mafuta ya roketi, na kila anapofanikiwa anakokotoa chakula kitaisha siku gani. Hesabu hiyo wewe unaifanya kila Februari ghala likipungua, ila hakuna anayekuandikia kitabu.

Makosa yapo. Tufani inayoanzisha kisa chote haiwezekani, kwa sababu hewa ya Mirihi ni kama sehemu moja kwa mia ya hewa yetu. Upepo wa huko hata ukikimbia sana hausukumi. Na udongo wake una chumvi yenye sumu iitwayo pakloreti, chombo cha Marekani kiliigundua mwaka 2008. Ingebidi udongo uoshwe kwanza. Muulize kijana angeuosha kwa maji ya wapi, umwache ahangaike.

Naandika riwaya. Chombo cha viumbe wageni kinatua Dar es Salaam. Nimekwama sura ya pili. (Kijana, Ujiji)

Umekwama kwa sababu Dar es Salaam umeiona kwenye runinga. Toka nje usiku usio na mbalamwezi, simama ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapo kwenu, utazame taa za wavuvi wa dagaa zilivyojipanga mpaka macho yanashindwa kusema ziwa linaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Chini ya taa hizo kuna maji yenye kina cha hadi mita 1,470, na ukishapita mita 200 hivi hakuna oksijeni, samaki haishi. Kiumbe wako akitoka huko, anapumua nini? Anakula nini? Akifika juu penye hewa, si itamuunguza? Ukilijibu hilo moja bila kudanganya, sura ya pili itajiandika.

Na jifunze kwa meli ya Liemba. Wajerumani waliiunda kwao 1913, wakaifungua vipande, wakaisafirisha ndani ya maelfu ya makasha, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isitekwe, na kabla ya hapo mafundi wakazipaka injini grisi nzito. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na baadaye ikarudi kazini. Ile grisi ndiyo inayonifanya niamini mengine yote, maana ni fundi tu angeikumbuka. Chombo chako kina fundi? Mikono yake inanuka nini?

Hamisha mandhari, na uanze na alfajiri ambayo taa zimetoka mia moja na moja zikarudi mia. Ukifikisha sura tatu niletee, zikiwa zimechapwa. Usinitumie picha za daftari kwa simu, macho yangu yameshachoka.