Globu za sodiamu kuungua mapema: angalia choki kabla hujanunua nyingine

Mkuu, umesema globu zenu za sodiamu za 250W pale godauni hazimalizi mwaka na boksi limeandikwa masaa 24,000. Taa ikiwaka masaa 12 kila usiku hiyo ni zaidi ya miaka mitano, kwa hiyo kuna kitu kinaziua, na mara nyingi sio globu feki kama watu wanavyokimbilia kusema. Hizi taa za njano nimezihudumia mayadi mengi tu na kitu cha kwanza huwa naangalia choki, ile koili nzito inayozuia umeme usiingie mwingi kwenye globu.

Soma lebo yake. Choki ya sodiamu 250W inaandikwa karibu ampia 3, ya 400W inazidi 4, sasa fundi akikosa ya 250 dukani anafunga ya 400 na taa inang'aa kweli kweli, mwenye mali anafurahi, kumbe globu inapikwa.

Choki ikiwa sawa pima volti, tena pima usiku wa manane sio mchana, maana viwanda vikizima mashine laini ya 230 unaweza kuikuta inasoma 250. Globu ikichemka kupita kiasi sodiamu inapotea kwenye kile kijibomba cha ndani, volti zake zinapanda taratibu mpaka choki inashindwa kuishikilia, ndo unaona inawaka, inazima, ikipoa inawaka tena. Choki nyingi zina tapu (sehemu za kufungia waya wa umeme unaoingia) za 220, 230 na 240, hamishia kwenye 240 kama laini yako iko juu. Ila upime waya unaoingia tu, tafadhali sana, usiguse holda na mita wakati ignita (kile kifaa cha kuiwashia globu) inapiga, pale zinatoka volti elfu 3 hadi 5, mita inakufa na wewe uko hatarini.

Globu iliyoanza huo mchezo wa kuwaka na kuzima itoe siku hiyo hiyo. Ukiiacha, ignita inapiga usiku kucha mpaka nayo inaungua, halafu unafunga globu mpya haiwaki unarudi dukani kugombana.

Holda kaza, ikilegea inapiga cheche. Na fotoseli (swichi inayowasha taa yenyewe giza likiingia) isikae mahali mwanga wa taa yenyewe unaifikia, itakuwa inawasha inazima, na kila kuwasha kunakula ncha za globu.

Weka hapa picha ya lebo ya choki na volti za saa nane usiku tuanzie hapo.