Kweche mwekundu haendi popote kiangazi

Umeuliza ndege mwekundu wa Mbeya huhamia wapi kiangazi: hahami, mkuu. Huyo ndege mwekundu kwa mweusi anayepotea Mbeya mvua zikikatika ni kweche dume, ndege mdogo wa jamii ya kwera, na kiangazi chote yupo maeneo hayo hayo. Wekundu ni vazi la msimu wa kuzaliana tu, yaani wakati wa mvua. Baadaye hupukutisha manyoya akawa wa kahawia mwenye michirizi kama jike, ukamdhania shomoro. Mimi nawaona kwenye matete nyuma ya nyumba, huku Uyole, Mbeya. Mwezi wa tano kuna waliobaki na mabaka mekundu kifuani, nusu wamevaa nusu wamevua, kituko kabisa. Ila mbayuwayu wa Ulaya usiwatie humo: wale kweli huondoka, Machi au Aprili.