Jina langu halikuwa kwenye valvu

Mdogo wangu, unasema majina ya waliochukuliwa kusoma uuguzi yamebandikwa kwenye valvu, ule ubao wa matangazo wa shule, lako halipo, lakini hakuna aliyekuambia umekataliwa. Na kuna shule nyingine inataka ulipe kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi inapotea. Hayo yalinipata hapa hapa Bukavu, Kongo, na mimi nililipa.

Konkuru, mtihani wa kuingia, ilikuwa imeniendea vizuri. Siku ya majina nilitoka Kadutu kwa mguu, mvua inanyesha, matope yameshika viatu, nikaisoma ile karatasi mara tatu kidole kikiteremka jina kwa jina. Hamna. Nikarudi nyumbani kulia, wiki nzima. Mama akachukua dola 60 za likelemba yake, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, tukazipeleka kwenye shule ya watu binafsi iliyokuwa ikitangaza redioni kwamba wamebaki wachache tu.

Shangazi ndiye aliyeniuliza: "Kwa apariteri ulifika?" Sikufika kwa huyo karani anayeshika dosie, yaani mafaili ya wanaoomba nafasi. Nilidhani karatasi ikishabandikwa mambo yamekwisha. Nilipokwenda, yule baba alifungua dosie yangu akaniita karibu na dirisha. Kwenye buletini, ripoti za alama, za darasa la tano na la sita la sekondari, postnomu yangu, jina langu la pili, ilikuwa na herufi moja tofauti na ile ya kwenye atestasio, cheti cha Egzamini ya Serikali. Kwao hao walikuwa wasichana wawili. Hawakunikataa, dosie iliwekwa kando ingoje mwenyewe ajitokeze, na mwenyewe alikuwa kitandani analia. Nikazunguka komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kwa prefe, mkuu wa shule niliyosomea, tena komini. Nilipoleta karatasi zote, nafasi za nyongeza zilikuwa zimejaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua shaka yako iko wapi. Kama ni dosie, inatengenezwa kwa miguu na picha za pasipoti. Kama ni nafasi, uliza kama kuna orodha ya nyongeza na inatoka siku gani. Kama ni minervali, ada ya shule, sema waziwazi, uulize kama inalipwa kwa mafungu. Watu wengi wanaanza kutafuta shule nyingine kabla ya kujua ile ya kwanza imesema nini.

Hiyo shule ya Ijumaa: omba kuona arete, amri rasmi ya waziri inayoiruhusu kufundisha uuguzi. Omba arete yenyewe, usikubali barua yenye mihuri mitatu. Mimi nilionyeshwa karatasi iliyosema tu kwamba maombi yao yamepokelewa. Dola za mama hazikurudi. Na ujue, tangu sheria ya 2016 iliyounda Ordre ya wauguzi, chombo chao cha kitaaluma, kazi hii inataka uandikishwe huko, na diploma ya shule isiyotambuliwa itakukwamisha mlangoni baada ya miaka yote hiyo ya kusoma.

Mjomba wangu alitaka niingie lishe, "halafu utahamia". Wengine watakuambia maabara, ukunga au usimamizi wa taasisi za afya. Zote ni kazi nzuri, tena mtu wa maabara hakeshi wodini. Lakini kuhama si kubadilisha kiti darasani. Ingia kule ukiwa tayari kumalizia kule kule. Mimi sikuwa tayari, nikakataa, mjomba akanuna mpaka Noeli.

Mwaka ule nilipata kazi ya usafi kwenye sentre moja ya afya. Nilipiga deki, nilifua mashuka ya kina mama waliojifungua, nilibeba ndoo usiku umeme ukiwa umekatika. Mwezi wa kwanza nilitapika mara mbili. Wa tatu, mama mmoja alijifungua alfajiri, muuguzi akanipa nimshikie taa, nikaona mkono wangu hautetemeki. Hapo ndipo nilipojua. Kuna rafiki yangu alijaribu wiki mbili, akagundua hapendi kabisa, sasa anauza vitenge Nyawera na anakula vizuri kuliko mimi.

Ila huko kuna mtego. Bosi alianza kuniambia nichome sindano, "si umeshaona inavyochomwa?" Nilichoma moja. Mtoto hakudhurika, ila sikulala usiku ule. Ukiambiwa hivyo, kataa, hata kama watakufukuza.

Mwaka uliofuata jina lilikuwepo, la kumi na nne. Siku zile tulisoma gradua, mfumo wa zamani, miaka mitatu kufikia A1, ngazi ya diploma ya uuguzi. Ninyi mko kwenye LMD, mfumo mpya, miaka ileile mitatu inakupa lisansi, shahada ya kwanza, kwa hiyo mwaka mmoja wa kungoja usikutishe kama ulivyonitisha.

Ijumaa usilipe. Kesho uwe kwa apariteri kabla ya saa mbili, maana foleni inaanza mapema, na ubebe karatasi za asili, si fotokopi peke yake. Linganisha jina, postnomu na prenomu herufi kwa herufi ukiwa bado nyumbani. Halafu niandikie walichokujibu.