Kuhusu rafiki yako na mgodi wa dhahabu Guyane

Ndugu yangu nimekuelewa, umeangalia ile tamthilia ya Kifaransa inaitwa Guyane, wanavyogombania dhahabu msituni, sasa rafiki yako wa Paris anataka umtumie hela mnunue hisa za mgodi hukohuko. Usitume bado. Guyane iko Amerika Kusini lakini ni Ufaransa kabisa, kuchimba bila kibali ni kosa la jinai, na tangu 2008 wanajeshi na polisi wanawasaka wachimbaji haramu kwa operesheni inaitwa Harpie, wanaharibu mitambo yao, na 2012 wanajeshi wawili waliuawa kule Dorlin, sio mchezo.

Mwambie akupe namba ya kibali, halafu uliza mwenyewe serikalini Cayenne, mji mkuu wa Guyane, usipige namba ya simu atakayokupa yeye. Mimi nilichangia duara, yaani shimo la kuchimba dhahabu, kule Geita kwa maneno tu, dhahabu ilipotoka daftari lina jina la mtu mmoja, sikupata hata senti. Kwa hiyo wakili kwanza, hela baadaye.

Na ukienda, kaa mbali na zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu, kule ni marufuku tangu 2006 ila wachimbaji haramu bado wanaitumia. Nilimuona jamaa anaichoma kwenye kikaango, moshi wote usoni. Ukianza kutetemeka mikono wahi hospitali.