Maswali ya Wasomaji: Je, Jeep hii ilipigana vita kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Leicester, Uingereza, na tangu utotoni ninapenda historia ya vita. Babu yangu mzaa baba alikuwa dereva katika jeshi la Keya (King's African Rifles) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na akarudi salama. Sasa nimepata Jeep inayouzwa pauni 19,000, ambayo muuzaji anasema ni ya mwaka 1943, iliyotengenezwa na kampuni ya Willys ya Marekani. Ina nyota nyeupe kwenye boneti, vibao vyake vya maelekezo vinang'aa, umeme wake ni wa volti 24, na pamoja na kadi ya usajili ya Uingereza nimeonyeshwa karatasi za Kifaransa zinazoeleza kwamba iliuzwa na jeshi la Ufaransa. Mke wangu ananiuliza kama ninanunua gari au kumbukumbu. Nia yangu ni kuipaka alama za divisheni ya babu na kwenda nayo kwenye maonyesho pamoja na wanangu, mmoja wa miaka miwili na mwingine wa miaka saba. Je, niinunue?

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe hata arubuni kabla hujalala chini ya gari hilo ukiwa na tochi na brashi ya waya, kwa sababu nyota, rangi na vibao ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kubadilisha kwenye Jeep. Vibao vya maelekezo vya wakati wa vita vinachapwa upya hadi leo, na hata bodi nzima mpya hutengenezwa Ufilipino. Kitambulisho cha kweli ni chasisi.

Kwa maelezo uliyotoa, ninashuku kwamba gari hilo ni Hotchkiss M201. Baada ya vita, Ufaransa ilibaki na Jeep nyingi za Wamarekani, ikawa inazikarabati katika karakana za jeshi kwa miaka mingi, na kati ya 1955 na 1966 kampuni ya Hotchkiss ikatengeneza nyingine zipatazo 27,000 kwa leseni ya Willys. Mtu asiyezijua hawezi kuzitofautisha. Jeep za vita zilitoka kiwandani na umeme wa volti 6, ilhali M201 nyingi za miaka ya mwisho zina volti 24, na hapo ndipo shaka yangu inapoanzia. Hata hivyo volti 24 peke yake haitoshi kutoa hukumu, kwa kuwa mafundi wa jeshi la Ufaransa walichanganya vipuri bila kujali nani alivitengeneza, na chasisi halisi ya 1943 inaweza kuwa imevalishwa nyaya na injini za miaka ya sitini. Jeshi lile lilitaka gari linalowaka asubuhi. Halikuwa likiwahifadhia urithi wapenda historia wa leo.

Anza na sehemu iliyo nyuma ya bampa ya mbele. Willys ilipigilia kibao kidogo chenye namba upande wa ndani wa mhimili wa kushoto wa chasisi, karibu na bampa. Ford, ambayo nayo ilitengeneza gari hilohilo kwa jina la GPW, iligonga namba kwenye chuma chenyewe, juu ya mhimili wa kushoto, na utaiona ukifungua boneti na kusugua uchafu karibu na mahali injini inapokalia. Kisha tazama chuma kinachounganisha mihimili miwili chini ya rejeta: kikiwa bomba la mviringo, ni muundo wa Willys; kikiwa cha pembe, ni Ford. Kwa kuwa Hotchkiss ilifuata muundo wa Willys, bomba la mviringo litakuhakikishia tu kwamba chasisi hiyo si ya Ford, na bado utahitaji namba. Ford ilikuwa na majivuno kiasi cha kupiga herufi F hata kwenye vichwa vya bolti, jambo linalotusaidia sana leo. Ukikuta kibao kipya kilichofungwa kwa ribiti mpya, au alama za kuchomelea kuzunguka namba, ondoka. Ondoka pia kama namba ya chasisi hailingani na ile iliyoandikwa kwenye kadi, hata muuzaji akiwa na maelezo matamu namna gani, kwa sababu mbele ya DVLA, mamlaka ya magari ya Uingereza, mzigo wa kueleza utakuwa juu yako.

Usiharakishwe na maneno ya kwamba gari hili ni adimu. Willys ilitengeneza Jeep zipatazo 360,000 wakati wa vita na Ford zipatazo 280,000, na nyingi bado zipo. M201 nzuri yenyewe si gari la kudharau, na spea zake hupatikana. Kosa ni kuinunua kwa bei ya Willys ya vita. Ikithibitika kuwa ni M201, mwambie muuzaji ashushe bei, na kadi isahihishwe mwaka.

Kuhusu hali ya gari, kutu ndiyo itakayokumaliza mfuko. Chunguza vyuma vinavyobeba sakafu, ambavyo vilijazwa mbao ndani na hushika maji, visanduku vya vifaa vilivyo pembe za nyuma, na mahali tangi la mafuta linapokaa, yaani chini ya kiti cha dereva. Katika kuliendesha, weka gia ya pili, ongeza mwendo kisha uachie mafuta ghafla, uone kama gia itaruka, kwa maana gia boksi ya Jeep ya vita haikuwa imara sana. Unganisha magurudumu yote manne na ujaribu pia gia za nguvu. Injini ni ya silinda nne, lita 2.2 na nguvu farasi 60, na ikiwa na afya itakuchukua kilomita 70 kwa saa bila malalamiko. Zaidi ya hapo, breki zake za ngoma zitakukumbusha umri wake. Kama ringi zake ni zile za vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti, asizifungue mtu yeyote kabla upepo wote haujatolewa kwenye tairi, kwani ringi za namna hiyo zinaweza kuua.

Kisheria mambo ni mepesi. Nchini Uingereza gari lililotimiza miaka 40 husamehewa kodi ya barabara, ingawa ni lazima uombe msamaha huo, na kama halijafanyiwa mabadiliko makubwa halidaiwi ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT. Mimi ningelipeleka kwenye ukaguzi huo kwa hiari. Lakini mtoto wako wa miaka miwili hataruhusiwa kupanda, kwa sababu gari lisilo na mikanda ya usalama haliruhusiwi kubeba mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Yule wa miaka saba atakaa nyuma. Na bunduki za bandia, ambazo wenye magari haya hupenda kuzipamba nazo, ziache nyumbani, kwani kuwa nazo hadharani bila sababu ya halali ni kosa.

Nakuja kwa babu yako, ambaye naona ndiye kiini cha barua. Divisheni ya 11 iliteremka Bonde la Kabaw, huko Burma, mwaka 1944 katikati ya masika ya Asia, barabara zikiwa tope tupu na malaria ikiwaangusha watu, ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru, yaani yule mnyama wa porini, na huna haja ya kuona haya ukiipaka, ilimradi atakayekuuliza umwambie kwamba umeipaka wewe kwa heshima ya babu. Ila dereva wa Keya huenda alishika zaidi usukani wa lori kuliko wa Jeep, na Waingereza walitumia sana lori za Ford na Chevrolet zilizotengenezwa Kanada. Kabla ya kutoa pauni 19,000, tafuta kwanza alikuwa kikosi gani, kisha panda treni hadi Kew, London, ukaombe shajara za vita za kikosi hicho kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, mfululizo wa WO 172. Jina lake huenda usilione, kwa sababu shajara hizo hutaja maofisa zaidi ya askari, lakini utajua alikuwa wapi tarehe gani, na pengine alipewa gari la aina gani. Mkeo ameuliza swali la maana, na jibu lake liko Kew kuliko kwa muuzaji.

SWALI: Niko Nakuru. Ninaweza kuagiza Jeep ya vita kutoka ng'ambo na kuipaka rangi ya jeshi?

JIBU: Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo usilipie meli kabla hujapata jibu la maandishi kutoka KEBS, shirika la viwango, na KRA, mamlaka ya mapato. Ni afadhali utafute Land Rover ya zamani iliyokwisha kusajiliwa hapa nchini, ya Series ya pili au ya tatu, kwani mafundi wanaozielewa bado wapo na spea si za kusafirisha. Rangi ya kijani ya zamani iliyofifia si tatizo kubwa, lakini usiweke nembo, namba wala mabaka yanayofanana na ya magari ya jeshi la sasa, na usiliendeshe ukiwa umevaa sare ya kijeshi, maana raia haruhusiwi kuivaa.