Baridi ya Hanoi na vitafunwa vya moto vya barabarani: jibu refu kwa mkuu anayeenda Januari

Mkuu umeuliza vitu vitatu, Hanoi mwezi wa kwanza kuna baridi kweli au wanatishia, ukitoka kozini jioni ule nini pale barabarani, na kwa vile nguruwe huli utajuaje cha kuacha. Nimesoma kule na baridi zake nimezikaa, kula barabarani ndo ilikuwa maisha yetu sisi wa hosteli, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu maana naona waliotangulia wanakwambia ubebe fulana tu eti Vietnam ni joto mwaka mzima. Hao wanaongelea Saigon, mji wa kusini, na Saigon ni kweli joto halikatiki. Hanoi iko kaskazini huko, ni hali ya hewa nyingine kabisa, beba sweta zito na koti na soksi za kutosha.

Namba za baridi ukiziona kwenye simu utazidharau. Januari wastani ni nyuzi 16 au 17, usiku inaenda mpaka 10, na ule upepo wa kaskazini-mashariki ukiingia inashuka chini ya hapo na inaweza kukaa hivo siku kadhaa. Mtu wa Makete atauliza sasa hapo baridi iko wapi. Shida ni unyevu mkuu, alafu nyumba nyingi hazina hita, sakafu ni vigae vitupu, dirisha linapitisha upepo, unavua koti ukiingia ndani kwa mazoea alafu unalivaa tena na kulala nalo. Kuna utaratibu kule kwamba asubuhi ikiwa chini ya nyuzi 10 watoto wa chekechea na shule ya msingi wanabaki nyumbani, ujue hapo hata wenyeji wenyewe hawaichukulii poa. Ukienda mpaka Februari na Machi yanakuja manyunyu wanayaita mưa phùn, siyo mvua ya kukimbia ni unga wa maji tu unaoshuka kutwa nzima, nguo hazikauki, kuta zinatoka jasho.

Sasa hiyo ndo sababu ya mimi kukwambia jioni usijifungie chumbani. Hanoi joto liko nje, pale kando ya barabara kwenye jiko, watu wamekaa kwenye vistuli vya plastiki vifupi magoti yamekaribia kidevu, mvuke unapanda, kila mtu ameshika bakuli kwa mikono miwili. Na nakusihi sana kula palepale, usifungashe. Vitafunwa vyao vingi vya msimu wa baridi vimetengenezwa kwa unga wa mchele wa kunata, ukipoa unakaza, na cha kukaanga ukikifungia kwenye mfuko wa plastiki mvuke wake unakilainisha kabla hujafika hosteli. Mtu anakula kilichopoa alafu anakuja kuandika kwamba chakula cha Vietnam kimepooza, inaniuma kweli.

Majina nakuandikia na alama zake vilevile ili uyatambue kwenye vibao.

Cha kwanza na kwangu mimi ndo mfalme wa baridi yote ni bánh trôi tàu. Ni madonge mawili ya unga wa mchele wa kunata kwenye bakuli dogo, moja ndani lina ufuta mweusi uliosagwa na sukari, lingine lina choroko zilizopondwa, yanaelea kwenye sharubati ya moto ya sukari na tangawizi, juu wanarushia karanga zilizosagwa nusunusu na nazi. Tangawizi yake siyo ya kunusisha, inashuka kooni inawaka mpaka kifuani. Ukilikata lile la ufuta kwa kijiko mwanzo halikatiki linavutika tu, alafu ghafla linafunguka na ufuta unamwagika mweusi ti kwenye ile sharubati ya rangi ya asali, na hapo ndo unywe, ule mchanganyiko wa ufuta na tangawizi ikiwa ya moto sijapata mahali pengine popote. Mtaa wa Hàng Giầy namba 30 kuna duka la marehemu Phạm Bằng, alikuwa mchekeshaji maarufu sana wa televisheni kule, alifariki 2016 na familia imeendelea nalo. Wana pia lục tàu xá ambayo ni choroko zilizochemshwa mpaka zikawa nzito, na chí mà phù ambayo ni ufuta mweusi mzito kama uji. Kwa mtu usiyekula nguruwe, hivi vya utamu ndo uwanja wako, hapa wasiwasi ni mdogo, ila uliza kama ndani ya ufuta hawakutia mafuta ya nguruwe.

Alafu kuna vya kukaanga. Bánh rán ziko za aina mbili, za chumvi na za utamu. Za chumvi (mặn) ndani kuna nyama ya kusaga, tambi nyembamba na uyoga mweusi, na nyama hiyo mkuu asilimia kubwa ni kitimoto. Za utamu (ngọt) ndani ni choroko, nje wamezungushia ufuta au wamezivingirisha kwenye sukari. Nilikuwa nakaa namwangalia mama mmoja karibu na hosteli yetu anavyozikaanga, hana haraka hata kidogo, anaziweka kwenye mafuta ambayo bado hayajachemka sana, anazigeuza kwa vijiti virefu muda wote zisishikane, zinavimba polepole mpaka ganda linaachana na choroko za ndani, kisha ndo anaongeza moto zipate rangi. Akiitoa anaitikisa karibu na sikio, kidonge cha choroko kinagonga huko ndani, ndo anajua imeiva vizuri. Zile za chumvi anazikata kwa mkasi juu ya bakuli, tchak tchak, alafu anamwagia mchuzi wa uvuguvugu wa maji ya samaki waliochachushwa, sukari, siki na papai bichi.

Bánh gối nayo utaiona kila mahali, ni sambusa kabisa kwa kuitazama ila ina umbo la nusu mwezi na ukingo umesokotwa, ndani ina nyama, tambi, uyoga na yai la kware. Lý Quốc Sư namba 52, karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, pale chini ya mti mkubwa, jioni ya baridi utakuta watu wamejaa mpaka barabarani. Wewe nyama yake itakushinda kwa sababu hiyohiyo ya nguruwe, ila sehemu kama hizo huwa wanakaanga na bánh tôm ya kamba, unaweza kuuliza. Tatizo mafuta ni yaleyale wanayokaangia vyote, hapo uamuzi ni wako mwenyewe.

Nikae kidogo kwenye hii habari ya nguruwe maana naona ndo inakupa wasiwasi. Kaskazini nguruwe ni lợn, kusini ni heo, shika yote mawili. Ng'ombe ni bò, kuku ni gà. Ukisema không thịt lợn wataelewa hutaki nyama ya nguruwe, lakini ujue hiyo inazuia nyama tu, haizuii mafuta wala supu iliyochemshiwa mifupa yake, na mchuuzi hajakudanganya, kwake yeye hayo mafuta siyo nyama. Neno la kutafuta kwenye vibao ni chay, hapo ni chakula kisicho na nyama kabisa. Tarehe 1 na 15 za kalenda yao ya mwezi mwandamo watu wengi wanakula chay kwa ajili ya dini, siku hizo utapata kwa urahisi zaidi. Na kama unaswali, msikiti wa Al-Noor uko Hàng Lược namba 12, ulijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, uko hukohuko mji wa zamani. Ijumaa nenda, waulize waumini pale wanakula wapi, hao watakusaidia kuliko mimi.

Tuendelee. Mahindi ya kuchoma (ngô nướng) na viazi vitamu vya kuchoma (khoai nướng), hivi havina shida ya dini wala ya tumbo. Usiku utawaona kina mama wamekaa kando ya barabara na jiko la mkaa, taa ndogo, kifeni kinapuliza mkaa. Mahindi yao mengi ni meupe ya kunata, yanatafunika vizuri. Viazi chukua vile vilivyotoa utomvu wa sukari ukaungulia kwenye ganda, ndo vitamu. Weka kimoja mfuko wa koti kwanza upashe vidole.

Uji wa mchele wanauita cháo, kuna wa mbavu za nguruwe ndo maarufu zaidi (cháo sườn), wewe tafuta cháo gà ambao ni wa kuku, wa moto kweli, unaweka pilipili manga na majani. Kuna na vijiti vya unga vya kukaanga vinaitwa quẩy, wanavikata kwa mkasi unavichovya. Bánh đúc nóng, keki laini ya moto ya unga wa mchele, ni nzuri sana ila ina nyama ya kusaga juu. Nem chua rán, soseji chachu za kukaanga, za kule vichochoroni karibu na kanisa ni nguruwe mtupu, pita.

Konokono wa maji (ốc luộc) sijui kama uko tayari. Mimi wiki za mwanzo nilikuwa nawapita nimegeuza uso, baadae baridi ikinishika ndo nilikuwa nawakimbilia. Wanachemshwa na mchaichai na majani ya ndimu, wanaletwa kwenye bakuli wanatoa moshi, unamchomoa kwa kichuma chembamba unamzungusha taratibu asikatike, unamchovya kwenye mchuzi wenye tangawizi, mchaichai, pilipili na majani ya ndimu yaliyokatwakatwa. Kazi ni polepole, mikono yote ina shughuli, mazungumzo yanaenda, ndo chakula cha kukaa na marafiki masaa. Yai la bata lenye kifaranga ndani (trứng vịt lộn) nalo linaliwa sana baridi, na tangawizi na majani makali, wengine wanalila kuondoa mkosi na wanakula kwa hesabu witiri, moja au matatu. Nimelila. Supu yake ni tamu, zaidi ya hapo sikulazimishi.

Ukichoka kukaa nje nenda ukanywe kahawa ya yai, cà phê trứng. Ilibuniwa 1946 na Nguyễn Văn Giảng aliyekuwa anafanya kazi hoteli ya Metropole, maziwa yalikuwa adimu akapiga kiini cha yai na sukari mpaka kikawa povu zito. Duka la familia lipo Nguyễn Hữu Huân 39, unaingia kwa kichochoro chembamba. Kikombe kinaletwa kimekaa ndani ya bakuli la maji ya moto kisipoe. Kiini hakipikwi, kama tumbo lako jepesi angalia.

Kuhusu kuumwa tumbo, kanuni yangu ni kukaa penye foleni ya wenyeji na kitu kinachotoka kwenye moto mbele ya macho yako, mafuta yasiwe meusi, mabichi ya majani siku za mwanzo yaache. Hela tembea na noti ndogondogo. Na hapa fungua macho, noti ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za bluu, usiku kwenye mwanga hafifu unaweza kumpa mtu laki tano kwa bakuli la uji, kwa hiyo za laki tano ziweke mfuko mwingine kabisa. Kumwita muuzaji ni heshima kama kwetu tu, dada aliyekuzidi kidogo ni chị ơi, wa umri wa shangazi ni cô ơi, bibi ni bà ơi, ukiita hivo anageuka na tabasamu na bakuli linajaa.

Cha mwisho angalia tarehe ya Tết, mwaka mpya wao, inaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, kila mwaka inahama. Wachuuzi wengi wa Hanoi ni watu wa mikoani, wakikaribia Tết wanafunga majiko wanarudi kwao, na kwa siku kadhaa mitaa ya mji wa zamani inakuwa mitupu. Kama kozi yako inagusa hapo kula mapema, na kabla ya siku hizo za Tết nunua tangawizi, tambi na mayai sokoni uwe navyo chumbani. Ukishapata tarehe na mtaa utakaofikia niandikie hapahapa, nitakwambia kona gani ya karibu uanzie.